Mwanangu anataka niuze kuku wangu wote aniwekee broila, mi siwezi

SWALI

Mwanangu habari za kazi, na familia hawajambo? Mi ni mama wa miaka 58 naishi huku Mlandizi, mume wangu alishatangulia mbele za haki na watoto wote wanajitegemea, wapo Dar na mmoja Mwanza. Nasoma sana majibu unayowapa wenzangu ndo nikasema ngoja na mimi nikuletee la kwangu, usinicheke maana ni mambo ya kuku.

Kuku nilianza na tetea wawili na jogoo, wifi yangu alitoka nao Singida, si unajua tena mtu akitoka Singida hawezi kuja mikono mitupu. Sasa hivi nina arobaini na kitu bila vifaranga, bata sita, njiwa ambao kuwahesabu sijawahi kumaliza maana wanaruka, na sungura watatu wa mjukuu wangu ambao yeye yupo shule Dar kwahiyo wa kwangu tu hao. Mwanangu hawa viumbe wamenipa raha ambayo sikuitegemea kwenye umri huu. Nikifungua banda saa 12 asubuhi anatoka kwanza Askari, ndo jogoo wangu, anasimama mlangoni anageuza shingo anaangalia juu kama kuna mwewe, akishajiridhisha anatoa sauti yake ile ndo wengine wanatoka, na wanatoka kwa foleni wanayoijua wenyewe, Bi Harusi yule mweupe mwenye shingo wazi lazima atangulie na Bi Kilemba mwenye kibwenzi anafuata, kaingia mwingine katikati anadonolewa kichwani palepale. Nikitupa pumba Askari hali kwanza, anaokota punje anaiangusha chini anaita wake zake kwo kwo kwo mpaka waje. Mume gani siku hizi yuko hivo!

Na kuku akikaribia kutotoa mi silali vizuri. Ukichukua yai siku ya mwisho mwisho ukaliweka sikioni unasikia kabisa kitu kinalia mule ndani na mama yake anakijibu, yaani wanaongea hawajaonana. Nikisikia vile siku yangu yote inakuwa nzuri hata magoti siyasikii.

Sasa tatizo. Mwaka jana kiangazi ugonjwa ulipita, kuku karibu thelathini walikwisha ndani ya wiki, unaamka unakuta watatu, unarudi mchana wawili, kinyesi kijani, wengine shingo imepinda mpaka nyuma. Nililia. Jambo la ajabu bata wangu wote sita hawakuguswa, mpaka kuna mtu akaniambia hapo kuna mkono wa mtu, jirani ana kijicho maana alishawahi kulalamika Askari anamwamsha. Sikuyajibu hayo ila yamenikaa moyoni. Kabla ya hapo kuku hawakuwahi kuumwa kabisa, ila tulipata sikukuu nzuri tu, wageni walikuja na jogoo wawili wa zawadi tukawaachia na wenzao, baada ya hapo ndo mambo yakaharibika.

Mwanangu mkubwa aliposikia akaja mbio. Ni mtoto mzuri sana, kila mwisho wa mwezi hela inaingia kwenye simu na ya kutolea juu. Akasema mama unajitesa, unanunua pumba unanunua dagaa, kuku wenyewe huli huuzi, uza hawa wote nikujengee banda la broila 500 utapata hela ya maana, na kama hutaki kazi basi kaa tu upumzike, kuku wa kula nitakuletea wa dukani. Tofali ameshashusha hapa uani. Dada yake nae anaunga mkono, anasema mama unaongea na kuku watu watasemaje.

Kuuza huwa nauza jamani, majogoo wakikua nauza na mayai nagawa na mengine nakula. Ila Bi Harusi simchinji, siwezi. Je kuna ubaya mtu kufuga kwa sababu anapenda tu? Nikimkatalia mwanangu nitaonekana sina shukrani? Na ule ugonjwa ukirudi mwaka huu si ndo nitakuwa nimempa ushindi? Nisaidie.

Halafu kadogo tu, kuna tetea ameanza kula mayai yake mwenyewe, watu wanasema nimchome mdomo na yai la moto, mi naogopa.

Mama wa Mlandizi

JIBU

Shikamoo mama. Kukucheka tena? Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama kazi, mara ya pili kwa raha zangu kwa ajili ya Askari na wake zake.

Nianze na lililokuuma zaidi, maana naona umelizungushia mbali kidogo. Hakuna mkono wa mtu hapo mama. Hicho ulichokieleza, kinyesi kijani, shingo kupinda, vifo vya mfululizo ndani ya siku chache, na tena kiangazi, ni picha ya kideri, wengine wanaita mdondo. Ni kirusi, hakina dawa ya kukitibu, kikiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa kinafagia. Bata kubaki wazima ni tabia ya ugonjwa wenyewe, kwasababu bata anaweza kubeba kirusi cha kideri asionyeshe dalili yoyote huku kuku pembeni yake wanakwisha. Kwahiyo kile kilichofanya watu wamshuku jirani ndo kinachomsafisha. Ningekuomba hilo ulitoe moyoni kabisa, tena nitarudi kwa huyo jirani maana unamhitaji.

Kilichouleta siwezi kukuapia nikiwa huku, ila kama ningekuwa na kidole kimoja tu cha kunyoosha ningekinyoosha kwa wale jogoo wawili wa sikukuu. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa mfugaji hiyo ichukue kama ilivyo: kuku yeyote anayeingia, awe wa zawadi, wa mahari au wa sokoni, akae peke yake mbali na wenzie wiki mbili, na chombo chake cha maji, na wewe unamhudumia mwisho baada ya kumaliza wa kwako. Kuku anaweza kuwa anaonekana mzima kabisa kumbe ugonjwa upo njiani. Na wakati wa sikukuu ndo balaa zaidi maana kuku wanasafirishwa kutoka kila kona, wanakutana matenga kwa matenga sokoni, wanagawana kila kitu.

Halafu ile imani kuwa kienyeji haumwi kwahiyo hachanjwi, mama hiyo ndo inayomaliza kuku vijijini kwetu kila mwaka. Kienyeji ni mvumilivu wa njaa, jua, na kujitafutia, lakini kideri hakiangalii asili. Na wewe bahati yako upo karibu na inapotoka dawa yenyewe, kuna chanjo ya kideri inaitwa I-2, inatengenezwa hapohapo Kibaha kwenye taasisi ya chanjo ya serikali. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, ingawa jua kali hapana, ibebe kwenye kitu cha baridi na ukae nayo kivulini. Ni tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, unasubiri apepese macho ndo unamwachia, basi. Unarudia kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe wakiwa wazima na wiki kadhaa kabla ya kiangazi kukolea, maana kinga inachukua muda kujengeka na ukichanja ugonjwa ukiwa umeshaingia bandani unakuwa umechelewa. Panga jioni wakiwa wameshaingia kulala au asubuhi kabla hujafungua, la sivyo utawakimbiza Mlandizi nzima na hayo magoti. Ongea na ofisa mifugo wa kata yako akuelekeze pa kuipata na akuangalie mara ya kwanza unavyodondoshea.

Sasa kuhusu jirani. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishafunguliwa haiwekwi kesho kutwa. Ndo maana wafugaji wenye akili wanachanja mtaa mzima siku moja, wanachangiana gharama, na faida ni kubwa kuliko hela, maana kuku wa jirani asipochanjwa kirusi kinabaki palepale upande wa pili wa uzio kinasubiri vifaranga vyako vipya. Mpitie huyo jirani na mayai matano sita, mwambie unachanja siku fulani kama ana kuku awalete. Kama hana kuku mayai bado yatafanya kazi yake kuhusu Askari. Unaweza pia kumfanyia Askari banda la kulala lenye giza zuri, jogoo akichelewa kuona mwanga anachelewa kidogo kuanza kelele.

Tuje kwa mwanao, na hapa nakuomba radhi mama nitasema kama mtoto maana mi ni rika lake.

Sisi watoto tukishapata kazi mjini tunakuwa na njia moja tu ya kupenda mama zetu, kuwaondolea kazi. Tunakumbuka ulivyobeba maji, ulivyolima, ulivyouza vitumbua ili tusome, tukipata mshahara wa kwanza tunasema mama asishike tena jembe. Kwahiyo mwanao akikuona umeinama unafagia banda anamuona yule mama wa zamani aliyekuwa anateseka kwa ajili yake. Hajui kuwa kazi hii ni ya kuchagua. Hajawahi kuliweka yai sikioni yule. Na alipokuja mara ya mwisho alikukuta unalia, ukweli huo ndo aliouona, ile saa 12 asubuhi hakuwepo.

Ndo maana nakushauri usimwambie sitaki. Mpe kazi. Mwambie hivi, mwanangu umeniuliza unisaidie nini, sasa nakujibu, hizo tofali nitumie kujengea banda la hawahawa nilionao. Banda liwe na msingi wa tofali mpaka magotini, juu wavu wa tundu ndogo, bati, na fito za kulalia juu, kicheche na kenge wasipate pa kupenya, mlango uwe mrefu niingie bila kuinama. Sakafu iwe ya kufagilika uweke maranda. Mle ndani aweke kachumba ka wavu kwa ajili ya mama mwenye vifaranga, mwezi wa kwanza wasitoke, maana huko kwetu Pwani vifaranga vingi haviliwi na mwewe, vinaliwa na wale kunguru waliotoka India wakaingia Unguja miaka ya 1890 na sasa wametapakaa pwani yote, hao wanaiba kifaranga mbele ya macho yako. Mtoto wa kiume akipewa kazi ya kujenga kitu kinachoonekana anafurahi, na kila akija atakikagua, na akija kukikagua atakuta Bi Harusi anatoka wa kwanza, hapo ndo ataanza kuelewa bila wewe kumhubiria.

Kuhusu broila 500. Siyo biashara mbaya, wapo waliosomesha watoto nayo. Ila ni biashara kweli, siyo mapumziko, na hilo mwanao inabidi alijue kabla hajaweka hela. Kifaranga wa broila anaingia ana siku moja, wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35 usiku na mchana, umeme ukikatika saa 8 usiku ni wewe na jiko la mkaa. Kuna chanjo ya kideri na ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, kwa tarehe zake, hazingoji. Chakula ndo kinakula sehemu kubwa ya mtaji, na wakishafika wiki tano sita wanatakiwa watoke, kila siku wanayobaki bandani wanakula faida, wateja wakikosekana wiki hiyo unauza kwa bei ya kulia. Msiba ukitokea Singida huendi. Mama wa miaka 58 mwenye magoti mabovu, peke yake nyumbani, na kuku 500, halafu hiyo ndo iitwe kupumzika? Mi siafiki, na nadhani hata mwanao akipiga hesabu za usiku ule wa umeme hatoafiki.

Na wewe nae usimdanganye kuwa kienyeji watakutajirisha. Tetea wa kienyeji anataga mayai kama 40 mpaka 60 kwa mwaka, kwasababu anataga mtago mmoja anaacha analalia, siku 21, kisha analea, muda wake mwingi ni wa umama. Kuku wa mayai wa kisasa anapita 280 ila kulalia hana habari nako. Yaani kile kinachokunyima hela ndo kilekile kinachokupa ile sauti ya ndani ya yai. Mwambie mwanao hivyohivyo, kwa lugha yako. Ila anza kuandika kwenye daftari, pumba na dagaa kiasi gani, jogoo umeuza bei gani, mayai uliyokula uyaandikie bei yake ya sokoni, na mbolea unayoweka kwenye mchicha. Nina hakika utakuta kuku wanajilisha wenyewe au wanakaribia sana, na mchwa, azola (ule mmea mdogo unaoelea majini) au majani ya mti wa lusina yakiingia kwenye chakula gharama inashuka tena.

Umeuliza kama kuna ubaya kufuga kwa kupenda tu. Hapana mama, hakuna hata chembe. Nyumba ilikuwa na watu, ikabaki na mtu mmoja, sasa ina wa kuwaamkia asubuhi na wa kuwafungia jioni, mtu asikuambie hiyo siyo faida kwasababu haiingii kwenye simu. Na kuongea na kuku binti yako akuache, mbona tetea anaongea na mayai. Hilo la foleni ya Bi Harusi na Bi Kilemba usidhani umelibuni, kuna kijana wa Norwe anaitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe alikuwa anawaangalia kuku tangu utotoni, mwaka 1921 akaandika kuwa kila kundi la kuku lina ngazi yake, nani anamdonoa nani na nani hamjibu, na wasomi wa wanyama mpaka leo wanajengea hapo. Aliliona kwa kukaa na kuangalia tu, kama wewe kibarazani. Hata njiwa wako waangalie vizuri, dume na jike wanapokezana kulalia, kama siku 18 hivi, na wote wawili wanawalisha watoto maziwa yanayotengenezwa kwenye gole. Mjukuu akija likizo muonyeshe hiyo, ila anawe mikono na sabuni akishawashika, na asiwabusu vifaranga hata kama wanapendeza.

Bi Harusi usimchinje. Wachague watano sita wa kuwa mama wa mbegu, wazee humo humo, wale hawauzwi na wala usijieleze kwa mtu. Majogoo na matetea wachanga wa ziada uza kabla ya kuwapa majina. Nalisema hili kwa upendo, kundi likizidi banda magonjwa yanarudi, na wewe hutapenda kuchagua wakati huo. Kila mwaka au miaka miwili badilisha jogoo pia, Askari asije akazaa na watoto wake, tafuta jogoo kwa mtu mwenye banda lililochanjwa, na huyo nae wiki mbili za kamba.

Kama kideri kitarudi mwaka huu na umechanja, unaweza ukapoteza mmoja wawili na sio thelathini. Akifa kuku mzike chini sana au mchome moto, usimtupe jalalani mbwa wakamtembeza, na wala wanaoanza kuzubaa usiwauze haraka haraka sokoni kama wengi wanavyofanya, hivyo ndo ugonjwa unavyopanda basi kwenda kwa mama mwingine.

Tetea anayekula mayai usimchome mdomo, unafanya vizuri kuogopa, anaumia na tatizo linabaki. Mara nyingi anatafuta chokaa mwilini, au alikuta yai limepasuka akaonja. Maganda ya mayai yakaushe uyasage kabisa yasifanane na yai, uchanganye kwenye pumba, na dagaa uongeze kidogo. Viota viwe na giza na nyasi za kutosha yai lisigonge chini, na uyaokote mapema, wengi wanataga asubuhi, ukipita saa 4 na saa 8 mchana utamuwahi. Akiendelea mtenge peke yake wiki moja. Akishindikana huyo nae ni wa kuuza, kama hujampa jina.